Mpangaji na Mnyama Wake

Chakula, vazi na malazi ni haja tatu ambazo mwanadamu hawezi kuziahirisha. Mwenye njaa aweza kuomba, na mwenye uchi aweza kuazima, lakini asiye na malazi hana hata mahali pa kuweka alichopewa na alichoazimwa. Kwa sababu hiyo mlango wa nyumba hupima tabia za watu kuliko mahali pengi: anayepiga hodi huonyesha haja yake, na anayeitikia huonyesha moyo wake. Swali la insha hii laweza kuonekana dogo. Mwanafunzi wa shahada za juu, mwenye fedha chache na mnyama mmoja, afanye nini anapotafuta chumba cha kupanga karibu na chuo? Wako watakaocheka na kusema kwamba dunia ina matatizo makubwa kuliko hilo. Kicheko si hoja. Haki haikuumbwa kwa mambo makubwa tu, na mizani inayopima dhahabu haikosi kazi inapopewa pilipili.

Na uchukuliwe mfano mmoja. Chuo kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 katika jengo la Mtaa wa Lumumba, kikahamia kilimani mwaka 1964, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Katika miaka hiyo ya kwanza mwanafunzi alikuwa kijana aliyetoka shuleni, asiye na mke, asiye na mtoto, na mali yake yote ikiwa ndani ya sanduku moja. Alipewa kitanda, meza na taa, akasoma. Mwanafunzi wa uzamili au uzamivu wa leo aghalabu si kijana huyo. Ni mtu wa miaka thelathini au zaidi, aliyekwisha kufanya kazi wilayani, aliyekwisha kuwa na mlango wake mwenyewe. Huja kilimani na maisha yaliyokwisha kuota mizizi. Basi huyu wa mfano wetu ni mwalimu aliyetoka nyanda za juu kusini, na miongoni mwa mizizi yake yumo mbwa. Alimchukua angali kitoto, akamlisha kwa mkono wake miaka minne, naye akalala mlangoni pake miaka minne.

Mbele ya mtu huyu ipo milango mitatu. Wa kwanza ni wa bweni, nao haupitishi mnyama. Hilo halina mjadala, kwa kuwa chumba cha watu wanne si mahali pa mbwa. Wa pili ni wa chumba cha karibu, kule Changanyikeni, Msewe au Makongo, ambako mtu aweza kwenda maktabani kwa miguu na kurudi usiku bila hofu ya kukosa gari. Wa tatu ni wa chumba cha mbali, ambako viwanja ni vipana, majirani ni wachache, na kodi ni ndogo. Mlango wa pili una bei yake. Kodi yatakiwa kwa mkupuo, ya miezi sita au ya mwaka mzima, na dalali naye hutaka malipo yake, ambayo kwa desturi ni sawa na kodi ya mwezi mmoja. Mwanafunzi anakusanya akiba, anakopa kwa ndugu, anafika. Mama mwenye nyumba anampokea vizuri, anaitikia shikamoo yake, anamwonyesha chumba, bomba na choo. Kisha anauliza kama yuko peke yake. Anapoambiwa habari ya mbwa, uso wake unabadilika. "Mwanangu, chumba kipo," anasema, "lakini mbwa hapana."

Hapo yanazaliwa maswali matatu ya maadili, na kila moja lataka kutazamwa peke yake. Je, mama huyu ana haki ya kukataa? Je, mwanafunzi ana wajibu wa kutomwacha mbwa? Na je, ikiwa jibu la yote mawili ni ndiyo, mwanafunzi aweza kumficha mbwa ili haki ya mmoja isivunje wajibu wa mwingine?

Kwa swali la kwanza, ni lazima kuanza na insafu kwa mwenye nyumba. Watu wengi humsema vibaya kwa kuwa yeye ndiye apokeaye fedha. Lakini nyumba ya vyumba sita vinavyotazamana, yenye ukumbi mmoja katikati na ua mmoja nyuma, si mali ya mtu mmoja katika matumizi yake. Ndani yake zimo familia sita, watoto wanaotambaa, vyombo vinavyooshwa chini na nguo zinazoanikwa kwenye kamba moja. Yumkini wamo wanaosali. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba sharti kioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo. Dini yenyewe haikumharamisha mbwa wa kuwinda, wa kuchunga wala wa kulinda, lakini kumruhusu mbwa zizini si sawa na kumruhusu ukumbini. Kadhalika ipo hofu ya kichaa cha mbwa, na hofu hiyo si ushirikina. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili zake kwa mwanadamu takriban daima huua, na karibu wote wanaoupata duniani huupata kwa kuumwa na mbwa. Mama anayewakumbuka watoto wa wapangaji wake kabla ya kusema ndiyo hana kosa. Amefanya kazi ya mwenye nyumba.

Walakini haki ya kukataa ina mipaka, na mpaka wake ni sababu. Anayekataa kwa sababu ya jirani ametumia haki. Anayekataa kwa sababu hapendi tu, au kwa sababu mpangaji aliyepita alikuwa na mbwa mkorofi, amemhukumu mmoja kwa kosa la mwingine. Tena, paka si mbwa. Katika sheria ya Kiislamu paka ni tohara, naye ameishi katika nyumba za pwani tangu zamani, akilinda unga na mchele na panya, bila kuulizwa hati. Mwenye nyumba anayeandika katika mkataba wake neno moja tu, "wanyama hawaruhusiwi," amewafunga katika kamba moja mbwa mkali, paka mzee na ndege wa kizimba. Kanuni ya namna hiyo ni rahisi kuandikwa, na urahisi wake ndio kasoro yake, kwa maana humwondolea mwandishi wake taabu ya kufikiri.

Mataifa mengine yamelitafakari jambo hili hata yakalitungia sheria. Ufaransa, kwa sheria ya tarehe 9 Julai 1970, ilibatilisha kifungu chochote cha mkataba wa kupanga kinachokataza kufuga mnyama wa nyumbani, mradi mnyama huyo asiharibu jengo wala asiwasumbue wakazi. Jimbo la Ontario nchini Kanada lilifuata njia kama hiyo katika sheria yake ya mwaka 2006, likimwachia mwenye nyumba nafasi ya kumshtaki mpangaji ikiwa mnyama ameleta madhara. Nchini Ujerumani mahakama kuu ya shirikisho iliamua mwezi Machi 2013 kwamba kifungu cha jumla cha kukataza mbwa na paka hakina nguvu. Mahakama ilitaka kila shauri lipimwe kwa hali yake: aina ya mnyama, ukubwa wake, nyumba ilivyo, na masilahi ya mwenye nyumba, ya mpangaji na ya majirani. Maamuzi haya hayakusema kwamba mnyama ana haki kuliko jirani. Yalisema kwamba mwenye kuta si mwenye maisha yote yanayoishi ndani ya kuta hizo, na kwamba asiyetaka kusikiliza hawezi kudai kuwa amepima.

Lakini sheria peke yake haijengi vyumba. Mahali ambapo watu kumi wanagombea chumba kimoja, mwenye nyumba hahitaji kumkataa mwenye mnyama. Humchagua mwingine tu, na hakuna hakimu awezaye kumshika kwa jambo alilonyamaza. Ndiyo maana swali hili haliwezi kuachwa mikononi mwa wanasheria. Linarudi kwa watu wenyewe, na kwanza kabisa kwa mfugaji.

Swali la pili ni gumu zaidi. Mfugaji anadaiwa nini na mnyama wake? Immanuel Kant alifundisha kwamba mwanadamu hana wajibu wa moja kwa moja kwa wanyama. Kwa maoni yake, anayemtupa mbwa aliyemtumikia mpaka uzeeni hamdhulumu mbwa, bali huharibu utu uliomo ndani yake mwenyewe, na mwenye kuzoea ukatili kwa mnyama huuzoea kwa watu. Jeremy Bentham, katika kitabu alichokitoa mwaka 1789, alikwenda mbele zaidi: jambo la kuuliza si kama mnyama aweza kufikiri au kusema, bali kama aweza kuumia. Mafundisho ya Kiislamu yalikuwa yamekwisha kulitia jambo hili katika mizani ya thawabu na dhambi karne nyingi kabla yao. Watu wa pwani huwasimulia watoto wao hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie riziki. Itazamwe vema hadithi hiyo. Kosa la mwanamke yule halikuwa kutomlisha paka peke yake, kwa kuwa paka wengi wa mji hakuwalisha wala hakuulizwa. Kosa lilikuwa kumfunga na kumnyima chakula kwa pamoja. Alimfungia milango mingine yote, kisha akaufunga na wa kwake.

Katika maana hiyo ndipo unapopatikana msingi wa deni la mfugaji. Mbwa wa mwanafunzi hakuomba kuchukuliwa. Aliondolewa kwa mama yake, akafundishwa kungoja sahani, akasahau kuwinda, akaijua sauti moja kuwa ndiyo salama yake. Kila siku ya kulishwa ilimpunguzia uwezo wa kuishi bila kulishwa. Hakuna mkataba ulioandikwa, wala mbwa hana kidole cha kutia sahihi, lakini ahadi si lazima iwe maneno. Anayemwongoza kipofu mpaka katikati ya barabara ameahidi kumvusha, hata kama hakusema neno. Nchini Tanzania Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 imeliweka jambo la kuwatunza wanyama katika mamlaka ya dola. Lakini deni hili lilikuwapo kabla ya sheria, na lingebaki kama sheria ingefutwa kesho.

Hapa mpinzani atasimama na kusema: mwanafunzi ana deni kubwa zaidi kwa wazazi wake, kwa elimu yake na kwa nchi iliyomsomesha. Baba yake aliuza mbuzi ili kumpeleka shule, naye leo atashindwa kumwacha mbwa? Hoja hii ina uzito, na haifai kupuuzwa. Lakini mbuzi alifugwa kwa ajili ya siku ya haja, na siku hiyo ilipofika alitimiza lililokusudiwa. Mbwa huyu alifugwa kwa ajili ya kuwa pamoja. Kila mfugo hudai kwa kadiri ya nia iliyoufuga. Zaidi ya hayo, hakuna anayemtaka mwanafunzi aache masomo kwa ajili ya mbwa. Linalotakiwa ni asijifanye hana deni. Wanasheria wa Kiislamu wana neno zuri, hawala, yaani kuhamisha deni kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine aliyekubali kulibeba. Mwanafunzi asiyeweza kuishi na mbwa wake aweza kumpeleka kwa ndugu au rafiki atakayemtunza, na hapo deni limehamishwa kwa heshima. Lakini anayemtia mbwa garini usiku na kumshusha sokoni hakuhamisha deni, amelikimbia. Tofauti ya watu hawa wawili haionekani chumbani, maana vyumba vyote viwili vitakuwa havina mbwa. Inaonekana katika mtu atakayelala humo.

Swali la tatu ndilo linalowajaribu wengi, hasa wenye paka, kwa kuwa paka hutiwa kikapuni na kuingizwa ndani bila kelele. Mtetezi wa kuficha husema: sharti la dhuluma halimfungi mtu, mwenye nyumba asiyetaka kusikia ukweli hana haki ya kuambiwa. Maneno hayo yanapendeza masikioni, lakini yanasahau watu wawili. Wa kwanza ni jirani. Huenda chumba cha pili analala mtoto mwenye pumu, ambaye manyoya ya paka humzidishia maradhi, na mama yake alichagua nyumba ile kwa sababu aliambiwa haina wanyama. Uongo aliotungiwa mwenye nyumba umempata mtoto. Wa pili ni mnyama mwenyewe. Anayefichwa sharti anyamazishwe. Dirisha lake hufungwa, sauti yake huwa hatari, na mgeni akipiga hodi husukumwa chini ya kitanda. Mfugaji aliyesema kwamba anamficha kwa upendo amekuwa askari wa gereza lake. Na njia ya mwongo ni fupi. Siku siri itakapofichuka, watatolewa nje wote wawili katikati ya muhula, kodi imekwisha kulipwa, na mpangaji mwingine atakayekuja kwa ukweli mwaka ujao atalipa kwa kunyimwa kusikilizwa.

Hata hivyo lawama ya uongo huo haimwangukii mpangaji peke yake. Nyumba ambayo ukweli hufukuzwa mlangoni kabla haujakaa, huwafundisha watu kuingia na uongo. Mwenye nyumba anayetaka wapangaji wakweli hana budi kuufanya ukweli uwe na faida japo ndogo.

Baada ya hayo yasemwe pia machache juu ya mlango wa tatu, wa chumba cha mbali, kwa sababu wengi huutaja kama jibu la kila kitu. "Aende akakae mbali," husema, "huko mbwa hana shida." Na ihesabiwe. Mtu anayetumia saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi, siku tano za juma, hutoa saa 15 kila juma. Kwa majuma 40 ya masomo ni saa 600. Huo ni wakati wa kusoma vitabu vingi na kuandika sehemu kubwa ya tasnifu. Kodi ndogo ya mbali hulipwa mara mbili, mara moja kwa shilingi na mara ya pili kwa umri. Mbwa naye hulipa, kwa kuwa hushinda peke yake tangu alfajiri hadi usiku. Maskini hutafuta vitu vitatu, bei nafuu, ukaribu, na idhini ya kuishi na anayempenda, na soko humwambia achague viwili. Tajiri haambiwi hivyo. Mwenye nyumba yake ufukweni hufuga mbwa watatu, na hakuna amwulizaye kama kufuga ni anasa. Basi neno anasa lisitumiwe kwa haraka. Kitu hakiwi anasa kwa sababu tu mwenye kukitaka ni maskini.

Lakini upande wa pili wa neno hilo nao usemwe. Mtu asiye na uhakika wa malazi asimchukue mnyama kwa sababu ya upweke wa jioni moja. Haki ya kuwa na mwenzi haitangulii wajibu wa kumtunza. Mwanafunzi ambaye bado hajafuga, naye ajua kwamba kwa miaka mitatu atahama kutoka chumba hadi chumba, hekima kwake ni kungoja. Aliyekwisha kufuga hana tena nafasi ya hekima hiyo. Nafasi yake ni uaminifu.

Kutokana na hayo wajibu wa kila mmoja unaonekana. Mwenye nyumba asikilize kabla ya kukataa. Aulize ni mnyama wa namna gani, amechanjwa lini, atakaa wapi. Aulize majirani, na akikataa atoe sababu inayoweza kusemwa mbele ya watu. Mpangaji aseme ukweli kabla ya kutoa fedha, aonyeshe hati ya chanjo, akubali kuweka dhamana ya uharibifu, na asiuite uonevu kila ukataaji. Jirani atofautishe kati ya linalomdhuru na asilolizoea. Na chuo, kinachowapokea watu wazima kwa miaka mitatu au minne, kikumbuke kwamba mtu mzima haji na sanduku tu. Huja na mwenzi, na mtoto, na mzee anayemtegemea, na pengine na mbwa. Kilima kilichojengewa vijana wasio na mizigo hakina budi kujiuliza kinawatarajia nani sasa.

Mwanafunzi wa mfano wetu alipiga hodi nyumba saba, na katika zote saba alisema ukweli kwanza. Zote saba zilikataa. Tano kwa sababu, mbili bila sababu. Mwishowe alimpeleka mbwa Kibaha kwa dada yake, aliyekubali kwa moyo wake, akachukua chumba Msewe, na kila mwisho wa mwezi hutuma fedha ya chakula kabla hajanunua cha kwake. Yuko atakayesema ameshindwa, kwa kuwa hakupata alichokitafuta. Yuko atakayesema ameshinda, kwa kuwa hakumtupa mbwa wala hakumdanganya mtu. Kwa kweli amelipa sehemu yake ya deni. Sehemu iliyobaki inawaelekea wale wenye nyumba wawili waliokataa bila kuuliza, na wote wanaopanga miji bila kumkumbuka mpangaji. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hawakusema mnyonge huyo sharti awe na miguu miwili.